Dawa ya Kutu: Maneno ya Kutengeneza na Kukinga Bodi za Magari

Maneno "dawa ya kutu" yameenea sana katika gereji zetu, katika maduka ya vipuri na, kwa bahati mbaya, hata katika hati za zabuni na vijitabu vya mafunzo. Fundi asemapo dawa ya kutu huenda akawa anakusudia majimaji makali ya kuondoa kutu iliyokwisha kuingia katika chuma. Au dutu ya kuigeuza kutu hiyo iwe gamba gumu. Au mafuta, nta au lami ya kupakwa juu ya chuma kilicho safi ili kutu isiingie. Vitu hivi vitatu havifanani, wala kimoja hakiwezi kushika mahali pa kingine. Asidi ya kuondoa kutu ikipakwa na kuachwa palipotakiwa nta, chuma kitaliwa badala ya kulindwa. Na nta ikipakwa juu ya kutu nene isiyokwanguliwa, kutu itaendelea na kazi yake chini kwa chini huku mwenye gari akijiona amepata amani. Fundi na mteja wakisimama pamoja mbele ya gari utata huo hauna madhara makubwa, maana chupa yenyewe ipo na inaonekana. Lakini karani aandikaye hati ya ununuzi, mfasiri mwenye kijitabu cha matengenezo mbele yake, na mwalimu wa ufundi mbele ya ubao, hao hawana chupa ya kuonyesha. Wana neno tu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi msamiati wa kazi hii ulivyojengeka, na kuonyesha kwamba lugha yetu ilikuwa na maneno ya kutenganisha mambo hayo kabla gari la kwanza halijashuka pwani.

Tuanze na kutu yenyewe. Neno hili halikuja na gari. Watu wa bara hili walifua chuma tangu kale. Wahunzi wa Upare, Ufipa na Buhaya walijulikana kwa kazi hiyo muda mrefu kabla ya majembe ya dukani, na mwenye jembe alijua kinachompata akiliacha nje masika yote. Yafaa kuangalia vitenzi vinavyofuatana na neno hilo. Chuma hushika kutu, huingia kutu, hufanya kutu, na mwishowe huliwa na kutu. Tena wenyeji hawakuifunga kutu katika chuma peke yake: rangi ya kijani itokeayo juu ya shaba nayo huitwa kutu ya shaba. Sayansi hutaka zaidi. Kwa mwanakemia, kutu hasa ni mchanganyiko wa oksidi za chuma zenye maji ndani yake, na haitokei pasipo maji na oksijeni kukutana juu ya chuma. Chumvi haizai kutu kwa nafsi yake, bali huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi zaidi, na hivyo huharakisha kazi. Kwa hali ya jumla, yaani kuharibika kwa madini yoyote kwa sababu ya hewa, maji au asidi, vitabu vya sayansi vina neno "ulikaji", kutokana na kitenzi "lika". Twaona kuwa neno hilo ni zuri na lafaa kushikwa: kutu ni aina moja ya ulikaji, lakini si kila ulikaji ni kutu.

Tofauti hii ina historia yake katika barabara zetu. Mwaka 1948 kampuni ya Rover ya Uingereza ilitoa gari la Land Rover, ambalo mabamba yake ya nje yalikuwa ya aloi ya alumini, kwa kuwa baada ya vita chuma cha pua kilikuwa adimu. Gari hilo likaenea Afrika Mashariki katika polisi, misitu, kilimo na hospitali, hata jina lake likawa neno la kawaida, "landrova". Sifa yake moja ilikuwa kwamba halipati kutu. Kwa upande wa mabamba ya nje sifa hiyo ni kweli. Lakini fremu iliyobeba gari zima ilikuwa ya chuma cha pua, na hiyo iliweza kuoza chini ya bodi ambayo kwa macho ni nzima kabisa. Tena pale alumini ilipogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo iliyolika, ikatoa unga mweupe. Mfasiri aliyezoea kuita kila kitu kutu atapotea hapa, maana unga ule mweupe si kutu na haushughulikiwi kama kutu.

Magari mengine yalikuwa na historia tofauti. Bodi za mwanzo zilikuwa kazi ya seremala kuliko mhunzi: kiunzi cha mbao kikafunikwa mabamba. Mwaka 1914 Edward Budd wa Philadelphia alianza kuwatengenezea ndugu wa Dodge bodi za chuma cha pua kitupu kwa wingi. Kisha ukaja ufundi wa kuifanya bodi yenyewe iwe ndiyo mifupa ya gari, bila fremu ya pembeni: Lancia Lambda ya mwaka 1922 na Citroën Traction Avant ya mwaka 1934 ni mifano mashuhuri. Badiliko hili ni kubwa kwa mada yetu. Penye fremu, bamba lililotoboka ni aibu tu. Pasipo fremu, bamba lililotoboka huenda likawa ni mguu wa gari unaovunjika. Ndiyo maana kuziba tundu kwa kufurahisha macho na kulitengeneza kwa kurudisha nguvu haviwezi kuitwa kwa jina moja.

Hapa ndipo maneno ya gereji yanapostahili heshima kuliko yanayopewa. Chukua "msasa". Msasa ni mti, na majani yake ni makavu yenye kukwaruza; mafundi seremala waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi yenye chenga za mchanga ilipofika dukani, hapakuwa na kamati iliyokaa kuipatia jina. Watu waliona inafanya kazi ya lile jani, wakaiita msasa, na leo fundi wa bodi hupiga msasa mkavu na msasa wa maji asijue kwamba anataja mti. (Hivi sasa hata watumishi hupigwa msasa katika semina. Hilo hatuna la kulisemea.)

Chukua tena "chomelea". Leo kila mtu ajua kuchomelea ni kuunganisha vyuma kwa moto wa gesi au wa umeme. Lakini mwenye nyumba ya makuti alichomelea paa lake kabla ya hapo: alipenyeza makuti mapya pale yalipooza ili mvua isipite. Ukiangalia fundi anavyokata sehemu iliyoliwa na kutu, akapima kiraka cha bati, akakiingiza mahali pake na kukishikisha, utaona kuwa anafanya kazi ya yule mwezeka paa, na moto ni nyongeza tu. Neno hili limebeba wazo sahihi, yaani kilichooza huondolewa na kipya huingizwa. Kando yake lipo neno "lehemu", lililotokana na Kiarabu, kwa kazi ya kushikisha kwa risasi na bati lililoyeyushwa. Maneno haya mawili yasichanganywe. Tundu la redieta hutiwa lehemu. Sakafu ya gari huchomelewa. Aliyeandika kwamba sakafu itiwe lehemu ameagiza kazi ambayo haitadumu.

Halafu kuna "puti", neno la kukopa, na madhara mengi huanzia hapo. Puti ya siku hizi ni utomvu wa poliesta uliochanganywa na unga laini, ukagandishwa kwa dawa nyingine. Kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo juu ya chuma kilicho kizima. Haina nguvu ya kuziba tundu, na tena hunyonya unyevu. Ikijazwa katika tundu lisilo na bamba nyuma yake, maji hupanda kutoka upande wa chini na kutu huanza upya kingoni. Baada ya miezi rangi hufura na kutoa malengelenge, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoweza kulinda jambo hili: "kusawazisha" na "kuziba". Puti husawazisha. Kiraka huziba. Tungependa kila kijitabu cha mafunzo kiyashike maneno haya mawili kwa maana hizo na kisiyapishanishe kwa kutaka kupamba sentensi.

Mpango wa kazi yenyewe si mgumu kueleza. Doa huoshwa kwanza ili chumvi itoke, kisha hukwanguliwa kwa brashi ya waya, msasa au grenda hata chuma kionekane cheupe, tena kupita ukingo wa doa linaloonekana, maana kutu husafiri chini ya rangi. Palipotoboka hukatwa na kuchomelewa. Vishimo ambavyo msasa haukufikia hupakwa asidi fosforiki, huoshwa na kukaushwa kwa kufuata maelezo ya chupa. Kisha praima hupakwa siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma kilichokwanguliwa hakisubiri, hasa mwambaoni. Baadaye ndipo puti, rangi na vanishi. Anayechomelea bati lenye zinki na akae penye hewa ya kutosha, kwani moshi wake huleta homa.

Tumesema mwambaoni. Gari linalovuka kila siku kwa kivuko cha Kigamboni au cha Likoni hukutana na hewa yenye chumvi mwaka mzima, na bodi yake haiwezi kufananishwa na ya gari la Dodoma. Yapo pia magari yanayokuja na kutu yake. Katika nchi za theluji barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Huko Marekani desturi hiyo ilishika kasi tangu miaka ya 1940. Gari lililotumika kaskazini ya Japani, kisha likauzwa Dar es Salaam au Mombasa, huweza kung'aa juu huku uvunguni limekwisha. Mnunuzi anayeuliza tu kama gari lina kutu hupewa jibu la rangi, naye alitaka jibu la chuma.

Twende katika kukinga. Kwa kweli jambo hili linatusikitisha kidogo, kwa kuwa ndipo tulipokopa ovyo ilhali ghala lilikuwa limejaa. Waswahili walikuwa wakikinga vyombo vyao kwa bahari kwa karne nyingi. Bao la jahazi lilipakwa sifa, mafuta yatokanayo na papa, ili lisipasuke wala kuoza. Viungo vya mbao vilitiwa kalafati, neno ambalo jamaa zake wamo katika Kiarabu na Kireno, yaani pamba au nyuzi zilizoshindiliwa ili maji yasipenye. Sehemu ya chini, ile inayokaa majini, ilipakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kuzuia maji na wadudu. Haya ni matendo matatu, nayo yana majina matatu: mafuta yanayopenya, kijazo kinachoziba maungio, na ganda nene la upande wa chini. Gari nalo lahitaji hayo hayo. Kuna mafuta na nta inayopenya katika matundu ya ndani, kuna mpira laini unaotiwa katika maungio ya mabamba, na kuna lami inayopakwa chini ya sakafu. Katika maduka yetu vyote hivyo hugeuka tena kuwa dawa ya kutu.

Hatusemi kwamba nta ya kopo iitwe sifa, maana hilo lingeleta mchafuko, neno likiwa na maana nyingine inayotumika zaidi. Lakini "kukalafati" maungio ya bodi ni neno lililo tayari, na "deheni ya chini ya gari" linaeleweka na yeyote aliyekaa karibu na bandari. Wapo watakaosema kwamba mtu wa Tabora au Bukavu hajui deheni. Ni kweli, lakini mtu huyo hajui pia neno la Kiingereza alilobandikiwa, na atafundishwa lolote tutakalochagua.

Zinki ina hadithi yake. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy alijaribu kulinda mabamba ya shaba yaliyofunika meli za kivita za Uingereza kwa kuyafungia vipande vya zinki au chuma. Vipande vile vililika badala ya shaba. Shaba ikasalimika, lakini kwa kuwa haikuyeyuka tena, haikuwaua viumbe wa baharini. Chaza na majani yakajishika tumboni mwa meli zikapungua mwendo, na mpango ukaachwa. Kanuni hata hivyo ilibaki. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuzamisha chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Mabati yenye migongo, ambayo Henry Robinson Palmer wa London alikuwa ameyapatia hataza mwaka 1829, yakapata koti, na yakasafiri ulimwengu mzima hata juu ya nyumba zetu. Viwanda vya magari vilichelewa kuyafuata: Porsche ilianza kutoa bodi zilizotiwa zinki katikati ya miaka ya 1970, na Audi ikafuata katika miaka ya 1980.

Zinki hiyo inayolika ili kingine kisilike iitweje? Tumeona mahali fulani pameandikwa "zinki ya mhanga". Neno si baya, ila mhanga ni pia mnyama achimbaye mashimo usiku, na katika matumizi ya leo kujitoa mhanga kumekwisha shika maana ya vita. Twaona "kafara" ndilo neno. Kafara hutolewa kwa makusudi, badala ya mwenye kulindwa, na ikishapokea baya lile haitakiwi tena. Zinki hufanya hivyo hivyo, nayo hubadilishwa ikiisha. Basi "zinki ya kafara" kwa vipande vinavyofungwa katika vyombo vya majini, na "kutia zinki" kwa koti la bamba. Hapa mwalimu aongeze angalizo moja: kipande cha kafara hufanya kazi pale tu palipo na maji yanayokizunguka pamoja na chuma kinacholindwa. Mashua inayo bahari. Gari limo hewani, na kipande kilichofungwa nyuma hakiwezi kuulinda mlango wa mbele.

Katika rangi za chini kuna hatari ya neno ambayo ni kubwa kuliko zote tulizotaja. Kwa muda mrefu chuma cha madaraja na meli kilipakwa rangi nyekundu iliyotengenezwa kwa oksidi ya risasi. Inazuia kutu barabara, nayo ni sumu; vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Mafundi wa leo hutumia rangi nyingine nyekundu wanayoiita "redoksaidi", ambayo wekundu wake watokana na oksidi ya chuma. Yaani rangi ya kuzuia kutu imetiwa rangi na jamaa wa karibu wa kutu! Hii haina sumu ya risasi. Sasa mfasiri akizifasiri zote mbili "rangi nyekundu ya chini", atakuwa amefuta mpaka uliopo kati ya kitu salama na kitu cha hatari, na fundi atakayekwangua gari la zamani au tangi kuukuu hatajua kwamba apaswa kuziba pua na kuwaweka watoto mbali. "Rangi ya risasi" na "rangi ya oksidi ya chuma" ni maneno marefu, lakini hatuoni la kupunguza.

Kwa nini mambo haya yalibaki bila kupangwa? Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika Mashariki ilikuwa na kazi ya kusanifu maandishi na vitabu vya shule, na gereji haikuwa shule. Mwezi Januari 1967 serikali ya Tanzania ilipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo, haja ya kwanza ilikuwa majina ya vyeo, idara, sheria na fomu. Hatulaumu, nyumba huanzwa kwa msingi. Lakini fundi wa Gerezani au wa jua kali ya Nairobi hakungoja. Alisema madigadi, boneti, bampa, buti na puti, akasema pia kunyoosha bodi na kupiga rangi, na yeye ndiye aliyetuachia chomelea. Pale alipokosa muda alisema dawa.

Kwa hiyo, kwa hati za zabuni na vitabu vya mafunzo, tunapendekeza neno dawa ya kutu liachwe kwa mazungumzo, na mahali pake paandikwe "kiondoa kutu", "kigeuza kutu" na "kikinga kutu", kila kimoja kikifuatwa na jina la dutu yenyewe: asidi, tanini, nta, lami. Fomu isiyotaja dutu irudishwe kwa mwandishi wake.

Limebaki neno moja ambalo tungependa wasomaji walifikirie. Chini ya milango ya gari, kila upande, kuna boriti yenye uwazi ndani, ambayo maji huingia na hutakiwa kutoka kwa vitundu vidogo vilivyo chini yake. Hapo ndipo magari mengi huozea, na mara nyingi kwa sababu vitundu vile vimezibwa kwa puti au deheni na fundi aliyedhani ni kasoro. Boriti hiyo haina jina moja linalokubalika. Wengine huiita mbavu, wengine chesi, wengine huionyesha kwa kidole. Nyumba ina kizingiti mahali pale pale, chini ya mlango. Na uwazi ulio ndani ya kitu tayari tunauita uvungu. Kama "kizingiti" na "uvungu wa kizingiti" yanafaa, agizo laweza kuandikwa hivi: vitundu vya kizingiti vizibuliwe, uvungu ukaushwe, ndipo nta ipulizwe.